Fahali Wawili, Mazizi Mawili

Njia ya kwenda msitu wa Yoko inaanzia Lubunga. Hii ndiyo komuni pekee ya Kisangani iliyo ukingo wa kushoto wa Mto Kongo. Nyingine tano ziko ng'ambo, pamoja na Chuo Kikuu cha Kisangani, UNIKIS. Mwanafunzi wa UNIKIS anayetaka kupima miti anavuka mto, anatafuta pikipiki, kisha anashika barabara ya Ubundu, upande uleule inakoelekea reli ya kilomita 125 iliyofunguliwa mwaka 1906 ili watu na mizigo wayakwepe maporomoko ya Boyoma. Kabla hajafika kilomita ya arobaini ameshaingia Yoko, hifadhi ya hekta 6,975. Humo anazungusha utepe kwenye shina, kwenye kimo cha mita 1.30 kutoka ardhini, anaandika jina la mti na kipimo, anasogea kwenye mti unaofuata. Limbali, afromosia, na majina mengine mengi. Baada ya wiki kadhaa madaftari yaliyolowa jasho yamekuwa jedwali la kompyuta, na kazi iliyoanza kwa panga na utepe imehamia kwenye terminali, pale ambapo hakuna picha wala vitufe, ni mstari mmoja tu unaosubiri amri.

Habari za msituni zimeandikwa sana, na zinastahili. Mimi nataka kukaa na sehemu hii ya pili, hasa na ufundi mmoja usioonekana kwenye kurasa za tasnifu ingawa tasnifu nzima imesimama juu yake: ufundi wa kuipa kila kazi mazingira yake.

Hesabu yenyewe ni fupi. Ukijua kipenyo cha mti, urefu wake na msongamano wa mbao yake, unaweza kukadiria uzito wake mkavu kwa kanuni waliyoitoa Jérôme Chave na wenzake mwaka 2014: unazidisha msongamano kwa mraba wa kipenyo na kwa urefu, unapandisha jibu kwenye kipeo cha 0.976, kisha unazidisha kwa 0.0673. Kwa maelfu ya miti hakuna anayefanya hivyo kwa mkono. Watu wanatumia R, lugha huria ya takwimu, na kifurushi chake kiitwacho BIOMASS kilichotangazwa mwaka 2017, ambacho kinatafuta msongamano wa kila spishi, na spishi ikikosekana kinachukua wastani wa jenasi yake. Amri tatu au nne, na tani kwa hekta zinatoka.

Shida inaletwa na miaka. R haikai ilivyo. Mtafiti aliyeandika kazi yake mwaka 2018 na kuweka amri ya set.seed(42) mwanzoni aliamini kwamba bahati nasibu ya kompyuta itarudia uchaguzi uleule kila mara, maana ndiyo kazi ya amri hiyo. Mwezi Aprili 2019 ikatoka R 3.6.0, na ndani yake namna ya kuchagua ya sample() ilirekebishwa kwa sababu ile ya zamani ilikuwa na upendeleo mdogo kwenye idadi kubwa. Marekebisho mazuri kabisa. Ila tangu siku hiyo mbegu ileile ya 42 inachagua viwanja vingine vya msitu, na hakuna onyo linalotokea. Aprili 2020 ikaja R 4.0.0, ambayo iliacha kuyageuza maneno ya jedwali kuwa makundi yenyewe bila kuombwa. Amri ya nlevels(miti$spishi), iliyokuwa inakuhesabia spishi za kiwanja, sasa inajibu sifuri. Oktoba 2023 kifurushi cha rgdal, kilichobeba ramani za tasnifu nyingi, kilistaafishwa na kuondolewa kwenye ghala kuu la CRAN.

Katika yote hayo hakuna aliyekosea. Waliotengeneza R wanaiboresha, na wanafanya vizuri. Tatizo ni kwamba kompyuta, ikiachwa ilivyo, inaweka vifurushi vyote vya kazi zote ndani ya folda moja, na folda hiyo inapokea toleo moja tu la kila kifurushi. Ukiweka jipya, la zamani linafutwa. Fahali wawili hawakai zizi moja. Kazi ya mwaka 2018 na kazi ya mwaka huu zikilazwa pamoja, moja itaiumiza nyingine, na mara nyingi inayoumia ni ile iliyokwisha kutiwa sahihi na majaji.

Ufundi wenyewe unaanza kwa kujenga zizi la pili. Unaingia folda ya kazi na kuandika:

Rscript -e 'renv::init()'

Kifurushi cha renv kilifika CRAN mwaka 2019, kikishika nafasi ya ndugu yake mkubwa, packrat. Kinapomaliza, tazama kilichozaliwa. Kuna faili la .Rprofile lenye mstari mmoja unaoiambia R isome renv/activate.R kabla ya jambo lolote. Kuna folda ya renv, ambamo sasa vifurushi vya kazi hii vitakaa. Na kuna renv.lock, ambalo kwangu mimi ndilo moyo wa kazi nzima. Lifungue. Juu kabisa limeandika toleo la R, tuseme 4.2.2. Chini yake ni ghala vilikotoka vifurushi. Kisha kila kifurushi kwa jina, toleo na asili. Ni maandishi matupu. Unaweza kulituma kwa Bluetooth kwa sekunde moja. Mwenzako akilipokea anaandika renv::restore(), na kompyuta yake inakwenda kutafuta matoleo yaleyale, hata yale yaliyostaafishwa, kwa kuwa CRAN inaweka kumbukumbu ya kila toleo la zamani. Ile rgdal iliyoondolewa sokoni bado inapatikana kwa anayejua nambari yake.

Na renv imetunza pia jambo ambalo mtu mwenye diski ndogo analiona haraka: haidurufu ovyo. Kila toleo linahifadhiwa mara moja tu mahali pa pamoja, na folda za kazi zinapewa viungo vya kuelekea huko. Kazi kumi zinaweza kutumia nakala moja ya kifurushi cha ramani kiitwacho sf bila kuijaza laptopu, na siku moja kati yake ikihitaji sf mpya, tisa zilizobaki hazina habari.

Kwa upande wa Python ufundi huu una miaka mingi zaidi, na hapa ndipo napenda kuchelewa. Mzizi wake uko kwenye Unix toleo la 7, iliyotoka Bell Labs mwaka 1979. Toleo hilo lilileta vigeu vya mazingira, yaani majina yenye thamani ambayo kila programu inayarithi kutoka kwa programu iliyoianzisha. Kimoja kinaitwa PATH: orodha ya folda zilizotenganishwa kwa nukta pacha. Ukiandika python3, kompyuta inaanza kutafuta kwenye folda ya kwanza, ikikosa inakwenda ya pili, ikipata inasimama hapohapo na haitazami mbele. Ian Bicking alipotoa virtualenv mwaka 2007, na wazo hilo lilipoingizwa ndani ya Python 3.3 mwaka 2012 kwa jina la venv, hakuna aliyehitaji kubuni mashine mpya. Ilitosha kuiweka folda ya mradi mbele ya foleni.

Andika python3 -m venv .venv, kisha fungua faili la .venv/bin/activate ulisome. Si refu. Kwanza linachukua PATH ya sasa na kuitunza kwenye kigeu kiitwacho _OLD_VIRTUAL_PATH. Halafu linaitanguliza folda ya bin ya mradi. Halafu linaongeza jina la mazingira mwanzoni mwa mstari, ndani ya mabano, ili jicho lako lijue uko wapi. Na limeshakuandalia amri moja, deactivate, inayorudisha kila kitu kilivyokuwa na kisha kujifuta yenyewe. Hatua ya kwanza ndiyo ninayoistahi zaidi. Programu inayoingia nyumbani kwa mtu imejiandaa kutoka kabla haijagusa chombo.

Pembeni yake kuna faili dogo zaidi, pyvenv.cfg. Mstari mmoja unasema Python mama inakaa wapi, mara nyingi /usr/bin; mwingine unasema include-system-site-packages = false. Python ikiamka inaangalia kama faili hilo lipo kando yake au folda moja juu. Likiwepo, inajua vifurushi vyake viko hapa, si kule kwa mfumo mzima. Ndiyo maana fundi mzoefu wakati mwingine hata hawashi mazingira, anaita .venv/bin/python moja kwa moja, na Python inajitambua yenyewe iko kwenye kazi gani.

Mahali pa kuupima ufundi huu ni Lubunga. Mega za mtandao zinanunuliwa, nyumba nyingi zinategemea paneli za jua au jenereta, na kazi ya usiku inafanywa kwa moto wa betri uliobaki. Mtu haketi kusubiri pip, chombo cha Python cha kuweka vifurushi, ivute vifurushi kutoka ng'ambo ya dunia. Basi kazi inagawanywa na mto. Ukiwa ukingo wa kulia, penye mtandao mzuri, ukiwa na requirements.txt, yaani orodha ya vifurushi inavyohitaji kazi, unaandika:

pip download -r requirements.txt -d vifurushi

Unatia folda ya vifurushi kwenye flashi, unavuka. Ukifika nyumbani:

pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt

Neno --no-index linaikataza pip kutoka nje kabisa. Itatumia kilichopo mbele yake au itakataa. Inapendeza kuona mistari ikipita mfululizo wakati simu iko kwenye hali ya ndege.

Lakini amri hizo mbili hazitoshi bila macho, na hapa fundi anatofautiana na mnakili. Jina la faili moja lililoteremka linasomeka hivi: numpy-1.26.4-cp311-cp311-manylinux_2_17_x86_64.manylinux2014_x86_64.whl. Refu, lakini kila kipande kinasema neno. Kifurushi ni numpy, toleo ni 1.26.4. Cp311 maana yake kimejengwa kwa ajili ya Python 3.11, si 3.10 wala 3.12. Manylinux ni ahadi kwamba kitakubali karibu Linux yoyote isiyo ya kale mno, na x86_64 ni aina ya kichakataji. Faili hilo lina kama megabaiti 18. Ukiwa umeteremsha lenye win_amd64 mwishoni, na mashine iliyo nyumbani inaendesha Debian, hakuna amri ya kukuokoa. Ni kuvuka mto tena. Kwa hiyo fundi anauliza kabla ya safari. Anaandika python3 --version na uname -m kwenye mashine itakayopokea, ananakili majibu, anaondoka nayo. Na pip inajua shida hii: ukiipa --platform win_amd64 --python-version 3.11 --only-binary=:all: itateremsha vifurushi vya mashine nyingine, hata kama wewe umeketi mbele ya Linux.

Kuna kishawishi cha kunakili folda ya .venv yenyewe na kuipeleka ilivyo. Haifai. Ndani yake programu nyingi zimeandikwa anwani kamili ya mahali zilipozaliwa, kuanzia mzizi wa diski, na zikihamia mashine nyingine zinaendelea kuita nyumba isiyokuwepo. Tena flashi nyingi zina mfumo wa FAT32 au exFAT, ambao haujui viungo, na .venv kwenye Linux inaiita Python mama kwa kiungo. Mazingira hayabebwi. Kinachobebwa ni orodha na malighafi, na mazingira yanajengwa upya pale yanapohitajika. Fundi asiyeogopa kufuta .venv yake ameshaelewa kazi.

Flashi inapita mikono mingi: kompyuta ya rafiki, ya duka la kuchapia, ya maabara. Kila mmoja wetu ameona flashi iliyorudi na mafaili ambayo hakuna aliyeyaweka. Orodha nzuri ya mahitaji inabeba kinga yake: chini ya kila kifurushi kuna mstari wa sha256 wenye tarakimu na herufi 64, zilizokokotolewa kutoka kwenye faili lote. Ukitumia --require-hashes, pip inakokotoa upya, inalinganisha, na ikikuta tofauti hata ya biti moja inakataa kuweka kitu. Haiulizi mara mbili. Mimi naiona hiyo kuwa heshima kwa mtu wa mwisho kwenye mnyororo, yule asiye na mtandao wa kuhakikisha lolote.

Wapo waliofundishwa ufundi huu bila kujua una uzito gani. Mafunzo ya Django Girls, yaliyoanza Berlin mwaka 2014, yanamtaka mwanafunzi aunde mazingira ya mradi kabla hajaandika mstari wowote wa tovuti yake. Mwanzoni anaweza kuona ni kikwazo tu. Lakini ni sawa kwamba kimewekwa pale. Debian nayo tangu toleo la 12, la mwaka 2023, inakukatalia ukitaka kutumia pip kuweka kitu kwenye Python ya mfumo mzima, na kukuelekeza uunde venv. Kuna watu wanatafuta namna ya kulivunja katazo hilo. Wangesoma ujumbe mpaka mwisho, wangeona wamepewa njia iliyo bora.

Kwa anayeruka kati ya kazi nyingi kwa siku moja kuna direnv. Unaandika faili la .envrc ndani ya folda, ukieleza PATH na vigeu vingine vya kazi hiyo. Ukiingia kwa cd, mazingira yanawaka, ukitoka, yanazimika. Lakini mara ya kwanza, na kila mara faili hilo linapobadilika, direnv inagoma hadi uandike direnv allow. Maana faili hilo ni amri zitakazoendeshwa kwa jina lako, na huenda limekuja na folda uliyopewa na mtu. Unalisoma, unaliruhusu. Sekunde kumi za kusoma.

Wapo watakaosema niachane na haya yote nitumie Docker, inayofunga karibu mfumo mzima ndani ya kasha moja. Penye mtandao wa kudumu na diski pana sina ubishi. Kwa laptopu ya mwanafunzi wa hapa, kasha la mamia ya megabaiti kwa kila kazi ni mzigo usiohitajika, na anayelitumia haoni kilicho ndani. Nix, iliyotokana na kazi ya udaktari ya Eelco Dolstra mjini Utrecht mwaka 2006, ina wazo zuri kuliko yote, kwa maana kila kitu kinahifadhiwa kwa anwani inayotokana na mapishi yake yote, na matoleo mawili hayawezi kugongana. Inahitaji subira ya kuijifunza, na mega. Chombo kinachonifurahisha siku hizi ni uv, kilichotolewa na kampuni ya Astral mwezi Februari 2024: kinatumia hifadhi moja na viungo, na kikishakuwa na vifurushi kinajenga mazingira mapya kabla hujanyanyua mkono kwenye kibodi.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niutazame ufundi huu kwa uzito, nayo si ya kompyuta. Mwanzoni mwa 2023 mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulizuka Lubunga na kuenea pande za Ubundu na Opala. Watu walikufa, familia zilikimbia vijiji na kulala kwenye kambi za mjini. Katika hali kama hiyo kwenda porini na utepe si jambo la kuamua asubuhi na kuondoka mchana. Vipimo vilivyokwisha kuchukuliwa vinakuwa mali isiyo na mbadala. Mti uliopimwa mwaka 2017 hauwezi kupimwa tena ukiwa wa mwaka 2017, na kama hesabu yake haiwezi kurudiwa kwa sababu hakuna anayekumbuka ilifanywa kwa toleo gani, basi jasho la watu waliobeba utepe limeachwa nusu njia.

Orodha ina mipaka yake, na fundi anaijua. Faili la renv.lock linaandika toleo la R lakini haliiweki R yenyewe. Kifurushi cha sf kinaegemea GDAL, GEOS na PROJ, maktaba za mfumo ambazo renv haizigusi. Kwa hiyo kwenye folda iliyotunzwa vizuri utakuta pia faili la maelezo, lililoandikwa na binadamu, likisema mashine ilikuwa Debian gani, R ilitoka wapi, na mstari wa apt install libgdal-dev libgeos-dev libproj-dev libudunits2-dev uliotangulia mambo mengine.

Jaribio la mwisho linafanyika kabla ya kukabidhi. Unazima mtandao. Unafuta .venv na folda ya vifurushi vya R bila kubakiza kitu. Unajenga upya kutoka kwenye orodha na kilichomo kwenye flashi, unaendesha kazi tangu jedwali ghafi hadi tani kwa hekta, kisha unalinganisha na jedwali la tasnifu, tarakimu kwa tarakimu. Zikilingana, unakabidhi. Zikipishana hata kwenye desimali ya mwisho, unarudi kwenye git, inayotunza historia ya mafaili, unaandika git diff renv.lock, na mara nyingi jibu liko pale: mistari miwili ya kifurushi kimoja, toleo la zamani likiwa na alama ya kutoa, jipya likiwa na alama ya kujumlisha.